Nyama Upande wa Mgeni

Kocha hakuwa mtu wa kubisha hodi. Aligonga geti letu la chuma kwa ufunguo wa gari, haraka haraka, kama mtu aliyekuja kudai chake, na kabla hujamfungulia alikwisha uliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Wali umeiva, au bado mwaufikiria?" Hivyo kila Alkhamisi alasiri, miaka nenda miaka rudi, pale Amerat, nyuma ya majabali ya Maskati, wakati mtaa wetu ulipokuwa na nyumba chache na mawe mengi. Nilimjibu kwamba wali hauna mbio kama yeye. Hakucheka. Aliingia mpaka mlango wa jikoni, akanusa, akasema "Haya," akatoka.

Alikuwa kocha wa timu ya mtaa, na mimi nilikuwa mpishi wake. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa karani katika wizara moja kule Al Khuwair, nina kazi yangu na uchovu wangu, lakini mdogo wangu Khamis ndiye aliyekuwa mshambuliaji wao, nyumba yetu ilipakana na kiwanja, na mama yangu hakuweza kuvumilia kuona vijana wa watu wanatoka mazoezini na njaa. Basi likaanza sinia la Alkhamisi, na sinia likishaanza katika nyumba za watu wetu, atakayelisimamisha ndiye atakayesemwa. Sikulisimamisha.

Lazima nieleze tunavyokula, maana bila ya hilo huyu mtu hatafahamika. Kwetu sinia moja hukaliwa na watu wengi, kila mmoja na upande wake, na nyama huwekwa juu ya wali, katikati. Akiwapo mgeni, mwenyeji huikata ile nyama kwa mkono akaisukuma upande wa mgeni. Mgeni hukataa, akasukumiwa tena. Mwenyeji haigusi mpaka mgeni ashibe. Ndivyo tulivyolelewa, na asiyefanya hivyo huonekana hakufunzwa kwao. Lakini timu ya Kocha haikuwa na mgeni. Walikaa uani kwetu goti kwa goti, na ile nyama ya katikati waliinyang'anyana bila haya, yule anamshika huyu mkono, huyu anamvuta yule kofia, na mama akicheka dirishani mpaka akikohoa.

Kulikuwa na sheria moja tu. Aliyechelewa mazoezini alizunguka kiwanja mwisho wa mazoezi, peke yake, na wenzake walikaa mbele ya sinia bila kutia mkono mpaka amalize. Kocha mwenyewe aliweka kiganja chake kwenye ukingo wa sinia kama mlinzi, na mvuke wa wali ukimpiga usoni. Mchelewaji mkubwa alikuwa ni Khamis. Alifanya kazi dukani Ruwi, na barabara ya kuja Amerat ilikuwa moja, ikipita Wadi Adai kati ya majabali, ikizibwa na lori moja tu basi.

"Umechelewa," Kocha humwambia.

"Magari yamesimama Wadi Adai, Kocha."

"Zunguka."

Wala hakumwuliza zaidi, na Khamis hakubisha. Nilikuwa nikimchungulia mdogo wangu anavyozunguka lile vumbi huku wenzake wakimpigia kelele afanye haraka, wali unapoa.

Kocha alikuwa mrefu, mkavu, na tumbo lilimuuma kabla ya kila mechi. Si mfano wa maneno; lilimuuma kweli, akawa anafyonza ndimu na kujikunja kwenye gari lake mpaka filimbi ilie. Alihubiri utulivu kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alipiga kelele kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa mkono wa birika, anazima gari kwenye mteremko wa bonde apunguze petroli, lakini kijana akipasukiwa na kiatu, Jumamosi yake alikuta kipya. Akicheza karata na mama yangu alikuwa akiiba waziwazi, na akishikwa alikasirika yeye. Sifa zake zilikuwa maneno mawili, "si mbaya." Khamis aliwahi kuambiwa hivyo mara moja, baada ya kufunga mabao matatu, na alikaa nayo wiki nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa kile kiwanja. Hakikuwa chetu. Tuliruhusiwa kukitumia kwa sharti kwamba tuwe na timu katika ligi ya mitaa, na timu iliyoshika mkia mwisho wa msimu ilitoka kwenye ligi. Tukitoka, kiwanja kinarudi kwa wenyewe na kugawiwa kwa kazi nyingine. Vijana wetu wangebaki barabarani, na Kocha, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wala kitu kingine cha kufanya baada ya saa za ofisi, angebaki na karata za mama. Haya tuliyajua sote, kila msimu, na kila msimu uliposogea mwisho tulikaa roho juu.

Katika miaka ya themanini ofisi yake ilimpeleka Marekani kusomea pampu za maji. Alirudi na cheti, na koti ambalo Maskati hakuna siku ya kulivaa, na glavu moja kubwa ya ngozi ya kudakia mpira wa besiboli. Glavu ilining'inia kwenye kioo cha gari lake. Siku moja akiwa nasi sebuleni alijaribu kutueleza mchezo wenyewe kwa machungwa. Mmoja anarusha, mwengine anapiga kwa rungu, kisha anakimbia akizunguka pembe zote mpaka arudi alipotoka.

"Arudi alipotoka?" mama akauliza. "Sasa alikwenda kufanya nini?"

Kocha akakusanya machungwa yake kwa hasira. Lakini Khamis alimbembeleza, ndipo akasema lile alilotaka kusema tangu mwanzo.

"Mji niliokaa ulikuwa na timu maskini. Miji mikubwa ikilipa wachezaji mishahara, wallahi, ya kutisha. Sie tukiokota waliochoka na waliokuwa hawajajulikana. Nikenda kuwatazama kwa upweke tu, nakaa juu kabisa kwa tikiti ya rahisi. Basi mwaka ule maskini wetu wakacheza, wakacheza, wakawashinda wale matajiri nyumbani kwao. Mji mzima ukalia."

"Na mwaka wa pili?" Khamis akauliza.

"Mwaka wa pili wote waliocheza vizuri walikwisha nunuliwa." Akamenya chungwa moja. "Msidanganywe na mtu akakwambieni pesa hazichezi. Zinacheza, lakini sivyo mnavyodhani. Tajiri akinunua mchezaji mbovu, humtupa akanunua mwengine. Sie tukikosea mmoja tu, mwaka wetu umekwisha. Wale hawanunui ushindi. Wananunua ruhusa ya kukosea."

Nilidhani ni hadithi za Marekani. Kisha Mabela, upande wa pili wa mji, ikaanza kujengwa, nyumba mpya safu kwa safu, na mkandarasi mmoja aliyetajirika kwa nyumba hizo akaichukua timu ya huko. Alianza na viatu, akaja na nauli, mwisho akaleta mshahara khasa, kila mwisho wa mwezi. Wachezaji wake wakaja Amerat kwa basi lenye kiyoyozi, wamevaa sare zinazong'aa. Msimu wa kwanza walikuwa kichekesho. Kila mmoja alitaka kupiga penalti yeye, na walifungwa hata na sisi. Kocha alizunguka mtaa mzima akisema mshahara haupigi kona. Msimu uliofuata mkandarasi aliwatoa nusu ya wachezaji, akaleta wengine, akabadilisha na kocha. Toka hapo walikuwa hawafungwi, na Kocha akanyamaza.

Kilichomuuma hakikuwa kufungwa peke yake. Watu walianza kutokuja. Zamani Ijumaa magari yalipaki kuzunguka kiwanja chote, wanawake tukitazama kwa ndani na vioo vimefungwa, wanaume wamekaa juu ya boneti. Sasa Mabela wakicheza, mtu humwuliza mwenziwe watafunga mangapi, basi, anabaki nyumbani na televisheni yake. Hata watu wa Mabela wenyewe walichoka kushinda. Kocha akaenda kwenye mkutano wa viongozi wa timu akatoa shauri kwamba kila timu iruhusiwe kulipa wachezaji wachache tu, wasizidi wawili, ili ligi iwe na maana. Alirudi uso umemwiva.

"Mabela wamekukatalia?" nikamwuliza getini.

"Mabela hawakutia neno, mwanangu. Waliokataa ni maskini wenzetu. Kila mmoja anaota kuwa kesho atapata tajiri wake."

Na sisi tukampata wetu. Msimu uliofuata tulikuwa tunachechemea mkiani, na mfanyabiashara wa vipuri vya magari aliyehamia mtaani kwetu kutoka Ruwi akasema atamlipia mchezaji mmoja, mzuri, wa kutunusuru. Kocha alikataa. Tukafungwa. Akakataa tena, tukafungwa tena. Alkhamisi iliyofuata akaja mlangoni pa jikoni, hakunusa kitu, akasema akitazama sakafu, "Kuanzia leo ongeza mtu mmoja." Nikajua shingo iko upande.

Mtu huyo aliitwa Wafula. Alikuwa Mkenya, mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja, mabega mapana, mcheshi, na mpira alikuwa anaujua. Vijana wakamkaribisha. Sinia lilipowekwa, Khamis akaikata nyama akaisukuma upande wa Wafula. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Hawakuwa na ubaya, nasema kweli. Walikuwa watoto waliolelewa wakaleleka.

Alkhamisi ya pili wakamsukumia tena. Na ya tatu. Nikaanza kuona sinia lile linarudi jikoni limeliwa kote, isipokuwa upande mmoja kuna lundo la nyama. Mgeni haimalizi, na wenyeji hawaigusi. Nilikasirika. Nilidhani nyama yangu imekuwa ngumu. Siku moja Wafula mwenyewe akalibeba sinia mpaka mlangoni.

"Asante kwa chakula, dada. Si nikuulize kitu?" Akaangalia nyuma kwanza. "Hawa majamaa wananipea nyama yote. Halafu uwanjani hawanipei mpira. Mimi nimekosea wapi?"

Nikabaki na mwiko mkononi.

Nilimwuliza Khamis usiku huohuo. Hakunificha. "Yeye analipwa, dada. Basi autafute mwenyewe. Mie nacheza bure toka nilipokuwa mtoto."

"Kwa hiyo umkirimu kwa nyama, umnyime pasi?"

"Mgeni si hukirimiwa? Namkirimu."

Ijumaa ilipopita nilimweleza Kocha, palepale getini. Nilisema vijana wamemweka yule mtu kuwa mgeni na hawataki atoke kwenye ugeni. Alinikatiza kabla sijamaliza.

"Wewe pika. Mie nifundishe."

Aliondoka kwa kishindo, na kwa wiki mbili geti letu lilikuwa likigongwa na kijana mwengine aliyetumwa kuuliza kama wali umeiva. Mama alisema nimemtia aibu mtu mzima. Nikasema mtu mzima amejitia mwenyewe. Nilikuwa nimechukia kwelikweli, na sehemu ya chuki yangu ilikuwa woga, kwa sababu tulifungwa mara mbili nyingine, na mara zote mbili niliona kwa macho yangu, ndani ya gari, Wafula amesimama peke yake mbele ya goli ameinua mkono, na Khamis amemwona, kisha Khamis akapiga mwenyewe, nje.

Ikabaki mechi moja. Tukipata suluhu tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa tunatoka, na kiwanja kinakwenda. Na mechi yenyewe ilikuwa na Mabela.

Alkhamisi ile Kocha alikuja kabla ya adhuhuri. Aligonga taratibu, nikadhani ni mtu mwengine. Alisimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi, na glavu yake ya Marekani ameichukua sijui kwa nini.

"Nyama iko wapi?"

"Sufuriani."

"Leo isiwekwe juu ya wali. Inyambuliwe yote, ichanganywe humo ndani. Pasionekane kipande."

Mama aliyekuwa akichagua mchele aliweka chini ungo wake. "Kakaangu, una akili wewe? Mgeni apewe wali umechanganywa na vinyuzi vya nyama? Watu watasema nyumba hii imemlisha makombo."

"Ndilo hilo, bibi. Sitaki awe mgeni."

"Na jina langu?"

"Nakuomba jina lako, leo tu," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Mama akaurudia ungo wake bila ya kusema ndiyo wala la. Kwa mama hiyo ilikuwa ndiyo. Kocha akaivaa ile glavu, akalishika sufuria la moto akaliteremsha, akaosha mikono, akaketi na sisi kuinyambua nyama, akiungua vidole na kulaani kwa Kiarabu. Glavu aliiacha jikoni kwangu. Ninayo mpaka leo, inanuka bizari, na hakuna kishikio cha sufuria kinachoifikia.

Jioni aliwapanga mwenyewe. Akamkalisha Wafula na Khamis ubavu kwa ubavu. Nilikuwa dirishani. Khamis alinyosha mkono kwenda katikati, kama desturi, kukata na kusukuma, na mkono wake haukukuta kitu. Ukasita pale juu ya wali. Wenzake nao wakasita. Hakuna aliyekula, na Kocha alitazama wali kama anausoma.

"Leo mgeni amenyimwa nyama?" Wafula akauliza. Alicheka kidogo, lakini hakuwa na uhakika.

Nilidhani Khamis atainuka. Kisha akasema, bila kumwangalia, "Itafute humo humo, kama sie."

Wafula akatia mkono siniani, akapitiliza upande wake mpaka upande wa Khamis, akaibuka na tonge kubwa. Khamis akampiga kofi la mkono. Ni kofi lile analompiga ndugu yake akimwibia, nalijua, nimekua nalo. Mtu akacheka, mwengine akamvuta Wafula bega, na uani kwetu kelele zikarudi zile za zamani. Kocha aliinua macho akanitazama dirishani. Akala.

Kesho yake Mabela walitufunga mapema, bao la kizembe. Mama alinishika mkono ndani ya gari na hakuuachia tena. Kipindi cha pili chote tulicheza na jua usoni, na Kocha hakupiga kelele hata moja, jambo lililonitisha kuliko bao. Mwisho mwisho mpira ukamfikia Khamis ubavuni. Wafula alikuwa amesimama peke yake, mkono juu, palepale anaposimama siku zote. Nikasema kwa sauti, "Mpe." Mama akasema, "Mpe, mwanangu." Khamis akampa. Honi za magari zililia mpaka majabali yakajibu, na tukabaki kwenye ligi.

Nisitie chumvi. Mabela walikuwa wameshachukua kombe, na wachezaji wao wakubwa walikuwa wamekaa nje wakinywa soda. Kocha ndiye aliyenikumbusha, alipopita kwetu baada ya mechi. "Wale walikuwa na ruhusa ya kukosea," alisema. "Sie hatukuwa nayo." Lakini alikuwa ametabasamu, na aliniambia, "Wali ulikuwa si mbaya."

Mkandarasi wa Mabela aliiona ile pasi. Kabla msimu mpya haujaanza akamtaka Khamis, kwa mshahara, na kazi ya ofisini katika kampuni yake, ya kudumu hata akiacha mpira. Khamis alikataa. Mama wakati huo figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, hospitali kila mara, na mshahara wa dukani ulikuwa hauvuki katikati ya mwezi. Bado alikataa. Kocha akaja, akagonga geti kwa ufunguo.

"Nenda," akamwambia Khamis.

"Na timu?"

"Timu shughuli yangu."

"Tutashuka, Kocha."

"Tutashuka."

"Basi siendi."

"Ukija mazoezini Jumamosi nitakufukuza mbele za watu."

Khamis alikwenda Jumamosi. Alichelewa, kama kawaida yake, na kabla hajasema habari za Wadi Adai, Kocha alimpora viatu akavitupa barabarani, mbele ya timu nzima. Hakumwambia azunguke. Khamis alirudi nyumbani miguu mitupu, akajifungia chumbani, na wiki ile akatia saini Mabela.

Mtaani yakasemwa yaliyosemwa. Wengine walisema Kocha amemuuza Khamis na kula chake. Wengine walisema nyumba yetu ndiyo iliyouza timu, na sokoni baadhi ya wanawake waliacha kunisalimu. Kocha hakumjibu mtu. Mfanyabiashara wa vipuri alichoka, Wafula akapata kazi Doha, na mwisho wa msimu ule timu yetu ilishika mkia. Kiwanja kikachukuliwa. Leo kuna mafundi wa mipira ya magari na dobi, na nikipita sitazami upande ule.

Kocha akaapa kwamba hatakanyaga Mabela. Hakuwahi kwenda kumtazama Khamis akicheza, hata mara moja. Khamis alipooa, karamu ilikuwa Mabela, na kiti cha Kocha kilikaa kitupu mpaka watu wakaondoka. Hilo sijamsamehe, na nilimwambia. Akasema alikuwa na homa. Khamis naye hakuenda tena kumwamkia. "Kanifukuza," alisema. "Yule si mtu wangu tena, mie sasa ni wa watu wengine." Miaka ikapita wakiwa hivyo, nyumba zao zinatazamana palepale Amerat.

Kisha mke wa Kocha akafariki, yeye mwenyewe miguu ikamchoka, na binti yake akamchukua aishi naye. Binti alikuwa amejenga Mabela. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa bado hai, na alicheka mpaka akalazimika kulala.

Tulikwenda kumwona Alkhamisi moja, mimi na mama kwa gari langu. Khamis nilimlazimisha. Alikuwa ameacha mpira zamani, goti bovu, tumbo limetangulia mbele, baba wa watoto, bado anafanya kazi kwa yule mkandarasi. Alisema atatufuata kwa gari lake. Nilijua anaogopa, na nilijua anachoogopa. Aliogopa kuambiwa karibu, mgeni.

Binti alitupokea kwa heshima zote na akapakua. Sinia likawekwa chini, wali unafuka moshi, na katikati nyama ya mbuzi, vipande vikubwa, kama inavyostahiki wageni. Khamis hajafika. Kocha alikuwa amekaa ameegemea mto, amepungua sana, na kiganja chake alikiweka kwenye ukingo wa sinia. Binti akasema tule, wali utapoa. Hakuuondoa mkono.

Khamis akaingia. Akatoa salamu, akainama akambusu Kocha kichwani, akakaa mbele yake. Kocha hakusema karibu. Mimi nilikuwa naitazama ile nyama, nikisema moyoni akiisukuma upande wa Khamis basi imekwisha, mdogo wangu atakuwa mgeni wa mtu huyu mpaka kufa.

"Umechelewa," Kocha akasema.

Khamis akajibu, "Magari yamesimama Wadi Adai, Kocha."

"Zunguka."

Binti akashtuka. "Baba, mtu mzima huyo!" Khamis alinitazama, kisha akainuka, akaikunja kanzu yake mpaka magotini, akatoka. Tulisikia makubadhi yake yanazunguka nyumba. Wajukuu walikimbilia dirishani kumwona bwana mwenye kofia na kitambi anakimbia peke yake kando ya ukuta. Akapita dirisha la sebule, akapita la jikoni, akarudi tena. Mama alikuwa analia bila ya kujificha. Kocha hakugeuka kumtazama. Mkono wake ulikuwa palepale kwenye ukingo, na hakuna aliyethubutu kutia wake.

Khamis akarudi anahema, kanzu imeloa jasho, akakaa huku ameshika goti. Kocha akavuta sinia karibu. Akaichukua ile nyama yote ya katikati, akainyambua kwa vidole vyake vya kizee, nyuzi kwa nyuzi, akaichanganya na wali mpaka pasionekane kipande, akasema Bismillahi, na sote tukala.